ATI ILIKUWA BAHATI MBAYA

Kila jeshi duniani lina maneno yake ya kujitetea. Wakiuawa watu wasio na silaha, msemaji wa jeshi hutoka mbele ya waandishi na kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Asiposema hivyo, atasema kwamba adui alijificha katikati ya watu. Na akibanwa zaidi, atasema kwamba waliokufa hawakuwa raia hata kidogo. Mara nyingi maneno haya yote matatu husemwa na mtu mmoja katika juma moja, wala haoni haya kwamba la kwanza linalipinga la tatu.

Katika mikutano ya matawi yetu swali hili limekuwa likirudi tena na tena: je, ni kweli kwamba jeshi la serikali, lenye maofisa waliosoma na sheria zilizoandikwa, huweza kukusudia kuua wanawake na watoto? Wako wanachama wanaojibu upesi, “Ndiyo, siku zote.” Wako pia wanaosema kwamba haiwezekani, maana risasi ni mali na hakuna jemadari atakayezitupa kwa watu wasiomdhuru. Sisi twasema kwamba wote wawili wanajibu kabla ya kutazama. Basi na tutazame tukio moja lililotokea kwa jirani zetu, ambalo leo ushahidi wake uko wazi, kisha tupime.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba, mwaka wa 1972, ndege za vita za Wareno zilipiga mabomu kijiji cha Wiriyamu na vijiji vya jirani, kusini ya mji wa Tete, katika Msumbiji. Baada ya ndege zikaja helikopta na kuwashusha makomando. Pamoja nao walikuwamo watu wa polisi ya siri, ile iliyoitwa PIDE na baadaye DGS. Watu wa vijiji walikusanywa. Wengine walipigwa risasi wakiwa wamesimama. Kabla ya hapo waliamriwa wapige makofi kuuaga ulimwengu. Wengine, na hasa wanawake na watoto, walifungiwa ndani ya nyumba za majani na nyumba zikatiwa moto. Mwanahistoria Mustafa Dhada, aliyeishughulikia habari hii kwa miaka mingi, anataja watu 385 waliouawa katika vijiji vile. Wapo waliosalimika kwa kulala kimya chini ya maiti za ndugu zao.

Habari hizi tumezipataje? Siyo kwa magazeti ya Lisbon. Tumezipata kwa sababu majeruhi walifika hospitali ya Tete, na huko masista na mapadri waliwasikiliza. Padri Mwafrika Domingos Ferrão na wenzake walikaa na walionusurika, wakaandika majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na watoto pamoja na wakubwa. Yafaa kila katibu wa tawi ailijue jambo hili. Kazi ile haikuhitaji bunduki wala fedha. Ilihitaji kalamu, subira na moyo wa mtu anayejua kwamba akikamatwa na karatasi ile mfukoni hatapata wa kumtetea. Mapadri wa Kihispania waliokuwa wakifanya kazi katika jimbo lile walikuwa wamekwisha kuandika habari za mauaji ya Mucumbura ya mwaka wa 1971, na wawili kati yao walitiwa gerezani kwa ajili hiyo.

Taarifa ya Wiriyamu ikasafiri kimyakimya hadi Hispania, na tarehe 10 Julai 1973 ikachapishwa London katika gazeti la The Times, kwa mkono wa Padri Adrian Hastings. Wareno walipata aibu kubwa, kwa sababu juma lililofuata Waziri Mkuu wao, Marcello Caetano, alikuwa akingojewa London kusherehekea miaka 600 ya urafiki wa Uingereza na Ureno.

Sasa tazama walivyojibu. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna kijiji kiitwacho Wiriyamu. Walifungua ramani, wakasema hakimo. Kumbe kutokuwamo katika ramani ya mkoloni ndiko kutokuzaliwa! Watu walikuwa wakilima, wakioa na kuzika katika ardhi ile, lakini kwa kuwa mpima ramani hakupita, basi hakuna aliyekufa. Jibu la pili likawa kwamba mambo haya yamezushwa na FRELIMO na mapadri wenye siasa. Na la tatu, lililokuja baadaye katika mwaka ule ule wa 1973, lilikuwa kwamba huenda baadhi ya askari mahali fulani walivunja amri. Gavana wa wilaya ya Tete akaondolewa katika cheo. Mwalimu yeyote anamjua mtoto wa namna hii: kwanza hajauona mtungi, kisha mtungi ulikwisha kupasuka tangu jana, na mwisho ni paka.

Tuyatazame kwa makini hayo majibu matatu, maana ndani yake mna jibu la swali letu. Mtu aliyeua kwa bahati mbaya hana haja ya kukifuta kijiji katika ramani. Anaweza kusema, “Tulikuwa tunamtafuta fulani, tukakosea.” Tena Wareno walikuwa na neno hilo tayari, kwa sababu ni kweli kwamba walikuwa wakimtafuta kamanda mmoja wa FRELIMO, Raimundo Dalepa, ambaye waliamini anakaa upande ule. Hawakumpata. Wenyeji waliulizwa hawakumtaja. Kama makusudi yalikuwa kumkamata Raimundo, basi kazi ilikwisha pale walipoona hayupo. Lakini kazi haikwisha, ndipo ilipoanza.

Miaka mingi baadaye, baadhi ya waliokuwa makomando, akiwamo mkuu wao Antonino Melo, walizungumza na waandishi wa Kireno. Walikubali kwamba watu waliuawa, na walisema kwamba agizo walilopewa lilikuwa kuua wote. Haya si maneno ya wapinzani wa Ureno. Ni maneno ya waliokuwa wameshika bunduki.

Hapa pana jambo ambalo wasemaji wetu wa majukwaani hupenda kulipita mbio. Ndani ya kikosi kile walikuwamo Waafrika. Mtu wa polisi ya siri aliyejulikana kwa jina la Chico Kachavi, ambaye walionusurika walimkumbuka kuliko wote kwa kuhimiza watu wauawe, alikuwa Mwafrika. Hatulitaji jambo hili ili kumpunguzia Mreno dhambi yake. Aliyetuma ndege na helikopta si Kachavi. Twalitaja kwa sababu chama kinachowafundisha vijana kwamba ukatili una rangi moja kinawadanganya, na siku moja kijana huyo atavishwa sare yeye mwenyewe.

Turudi kwa ndugu zetu wanaosema kwamba risasi ni mali na jemadari hatazipoteza bure. Maneno haya yana akili, ila yamekosa jambo moja: risasi zile hazikupotea bure. Jeshi la Wareno chini ya Jemadari Kaúlza de Arriaga lilijua vizuri kwamba mpigania uhuru anakula kwa wanavijiji, anapata habari kwa wanavijiji na analala kwa wanavijiji. Kwa hiyo vita vikaelekezwa kwa wanavijiji. Waliokubali kuhama walirundikwa katika vijiji vya kulindwa, vilivyoitwa aldeamentos, ndani ya ua wa seng’enge. Waliobaki nje walihesabiwa kuwa ni adui. Na tukio moja kama la Wiriyamu, habari yake ikienea, huhamisha watu wengi kuliko malori mia. Mwuaji alikuwa na faida aliyoitafuta. Hiyo ndiyo maana ya neno makusudi. Kumchukia mtoto si lazima. Yatosha kwamba kufa kwake kumetiwa katika hesabu ya kushinda.

Na hesabu ya namna hiyo yaweza kufanywa hata bila risasi. Wazee wa Umatumbi, wa Ungoni na wa Upangwa walilijua hili mapema. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete. Kabla ya mwaka kwisha, maofisa wa Kijerumani walikuwa wameona kwamba kupigana na watu waliotawanyika porini hakumalizi vita. Ndipo Kapteni Wangenheim alipomwandikia Gavana Götzen kwamba mapigano peke yake hayatafaa kitu, na kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowatiisha watu. Yakafuatwa hayo. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, mifugo ikachukuliwa, na katika nchi nyingine watu walizuiwa hata kupanda. Serikali ya Kijerumani yenyewe iliandika kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja nyuma wamefikiria watu 250,000 mpaka 300,000. Wazungu waliokufa katika vita vile walikuwa 15. Wengi wa hao wetu hawakufa kwa bunduki. Walikufa katika miezi ya baadaye, wakichimba mizizi, na ilipokwisha mizizi walikaa chini.

Je, waliuawa kwa makusudi? Mtetezi wa Götzen atasema kwamba hakuna askari aliyemwelekezea bunduki mtoto aliyekufa njaa Upangwa mwaka wa 1907. Ni kweli. Lakini aliyeichoma ghala alijua ndani mna nini na ni nani anayekula. Afisa aliandika barua mapema, akasema njaa itafanya kazi gani, na kazi hiyo ikafanyika. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Mara nyingine tunahangaika kutafuta siri za wakoloni ilhali wao waliziandika kwa mwandiko mzuri na kuzitunza katika makabati.

Wala si Afrika tu. Tarehe 14 Februari 1942, katika vita kuu ya pili, jeshi la anga la Uingereza lilipewa maagizo kwamba shabaha ya mabomu iwe moyo wa raia wa Ujerumani, na hasa wafanya kazi wa viwanda. Miji ya Hamburg na Dresden ikaungua. Wajerumani wenyewe walikuwa wamekwisha kufanya hivyo Warsaw na Rotterdam, na katika nchi ya Warusi walifanya mabaya zaidi. Twayasema haya kwa kifupi ili asitokee mtu wa kudhani kwamba ni tabia ya kabila moja au ya bara moja.

Mataifa baada ya vita ile yaliona haya, yakaandika Mikataba ya Geneva ya mwaka wa 1949. Mwaka wa 1977 ikaongezwa itifaki inayosema wazi kwamba raia wasishambuliwe, kwamba ni marufuku kufanya mashambulio ambayo kusudi lake kubwa ni kuwatia watu hofu, na kwamba njaa isitumiwe kuwa silaha. Mkataba wa Roma wa mwaka wa 1998 ukafanya kuwashambulia raia kwa kukusudia kuwa kosa la kivita ambalo mtu mmoja mmoja aweza kushitakiwa, hata akiwa mkubwa. Sheria hizo ni nzuri. Lakini tazama neno lililomo: kukusudia. Kwa ajili ya neno hilo kila jeshi limejifunza kusema bahati mbaya.

Sasa twataka kusema na wale wanachama wa upande wa pili, wanaojibu “Ndiyo, siku zote.” Ndugu zetu, si kila raia anayekufa vitani ameuawa kwa makusudi. Bomu hukosea. Askari mwoga humpiga mtu aliyetokea gizani. Zipo tena hali za katikati, ambapo jemadari hakukusudia kuua raia lakini hakujali kama watakufa, akaangusha bomu kubwa sokoni ili ampate mtu mmoja. Hilo nalo ni ovu, na sheria inalikataza, bali si ovu lile lile. Tukiyachanganya yote katika neno moja, siku tukisimama na ushahidi wa Wiriyamu hakuna atakayetusikiliza, maana tumekwisha kulipigia yowe kila jambo.

Kadhalika kwa idadi. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, katika nchi ya Wamakonde, na wengi walivuka Ruvuma kuja kwetu. FRELIMO ilisema waliokufa ni zaidi ya 500. Wengine waliochunguza wametaja makumi tu. Ubishi haujakwisha. Wako wasemaji wanaodhani kwamba kutaja idadi ndogo ni kuwasaliti waliokufa. Sisi hatuoni hivyo. Umati uliokuja kwa mkuu wa wilaya ukapigwa risasi ni mauaji, wakiwa makumi au wakiwa mamia, na anayeongeza idadi kwa moyo mwema humpa adui kitu cha kushika.

Basi makusudi yatajulikanaje? Hatuwezi kuupasua moyo wa jemadari na kuusoma. Lakini mambo ya nje yanasomeka. Kuna amri, ikiwa imeandikwa au imesikiwa na wengi. Kuna kurudiwa: Mucumbura mwaka wa 1971, Wiriyamu mwaka wa 1972. Kuna namna ya kuua, kwa maana mlango wa nyumba haufungwi kwa nje kwa bahati mbaya. Na zaidi ya yote kuna mambo ya baadaye, yaani nani aliadhibiwa na nani alipandishwa cheo. Ureno iliacha utawala wa mabavu tarehe 25 Aprili 1974, Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kwa ajili ya Wiriyamu. Jeshi ambalo askari wake wameua mamia ya watu kinyume cha amri, kisha haliwashitaki, limetuambia amri ilikuwa nini.

Kipimo hiki tukikiamini, lazima tukitumie nyumbani pia. FRELIMO, ambayo ilizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1962 na ambayo sisi tuliipa ardhi ya kufanyia mazoezi, iliwaua baadhi ya machifu iliowadhania kuwa wanawatumikia Wareno, na hao hawakuwa askari. Idadi yao hailingani na ya Wareno, wala vita vyao havikuwa sawa. Lakini mjane wa chifu hakuuliza hesabu.

Na lipo kubwa kuliko hilo. Mwezi wa Januari 1983 serikali ya Zimbabwe, nchi huru iliyopiganiwa na bara zima, iliipeleka Matabeleland brigedi yake ya tano, iliyofundishwa na walimu wa Korea ya Kaskazini. Sababu iliyotolewa ilikuwa waasi wenye silaha, na waasi walikuwapo kweli. Lakini waliouawa kwa maelfu walikuwa wanavijiji. Mwaka wa 1984, katika Matabeleland ya Kusini, maduka yalifungwa na chakula kikazuiwa katika mwaka wa ukame. Götzen angeitambua kazi hiyo. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na taarifa ya tume haikutangazwa. Habari kamili zilikuja kuandikwa na Wakatoliki na wanasheria wa Zimbabwe wenyewe, katika taarifa ya mwaka wa 1997. Wakubwa wengi wa vyama vya ukombozi walinyamaza, kwa sababu mwuaji alikuwa ndugu. Ureno ilipowaficha wauaji wake kwa ramani, sisi tulicheka; na kuficha taarifa ya tume katika kabati kuna tofauti gani?

Mwezi wa Septemba 2022 Waziri Mkuu wa Ureno, António Costa, alikuwa Maputo, akaomba radhi kwa ajili ya Wiriyamu. Ilikuwa karibu miaka 50 imepita. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, mahali waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka wa 1906, naye akaomba msamaha. Tumewasikia wote wawili, na tunawashukuru kwa kusema. Lakini hakuna aliyeleta majina ya waliotoa amri pamoja na barua zao, zikasomwa kwa lugha ya watu waliofiwa. Barua ya Wangenheim iwekwe Songea, kwa Kiswahili, mahali mtoto wa darasa la saba aweza kuisoma.

Kwa upande wetu, twaziomba kamati za matawi ya Ruvuma, Mtwara, Lindi na Njombe zianze sasa kuwatembelea wazee. Wako waliovuka mto wakiwa watoto, na wako waliosimuliwa na bibi zao habari za njaa ya baada ya Maji Maji. Andikeni jina la msimulizi, kijiji, mwaka kama anaujua, na nani alimsimulia yeye. Asiyejua mwaka asilazimishwe kuutaja. Msiongeze neno lake wala kulipunguza, na mahali ambapo wawili wanatofautiana, andikeni wote wawili. Nakala moja ibaki tawini, nakala nyingine ipelekwe kwenye ofisi ya wilaya kabla ya mvua, maana barabara za huko tunazijua.